Jibu: Dola 900 kwa maji moto ya jua, Bukavu

Ndugu yangu wa Bagira, unauliza kama dola 900 ni bei halali kwa mtambo wa maji moto wa jua, tangi la lita 200. Kabla ya kubishana juu ya bei, mwambie fundi akuandikie proforma, yaani karatasi ya bei kabla ya kazi, inayotenganisha mtambo, mabomba, kazi na usafiri. Bei ya jumla haikuambii kitu.

Kisha uliza juu ya mabomba. Wengine wanashusha bei kwa kuweka PVC, plastiki ya kawaida, nayo inalegea maji yakipita digrii 60. Kubali PPR, plastiki inayostahimili maji moto, au shaba, hata kama bei inapanda. Kwangu Kadutu tulirudia kazi yote kwa sababu hiyo, ukuta ukavunjwa mara ya pili, na bado naumia nikikumbuka.

Je, pipa lako la akiba la maji baridi limeinuliwa juu kuliko tangi la mtambo? Kama halijainuliwa, maji hayatapanda, na hapo kuna gharama ya mnara ambayo pengine fundi hakuitaja. Maji ya lita 200 peke yake ni kilo 200, basi mbao za paa zikaguliwe.

Ukilinganisha na umeme: kupasha lita 100 toka digrii 20 hadi 60 kunakula karibu kilowati-saa 4.7. Zidisha kwa siku mnazopasha na bei ya kilowati-saa moja kwenye mita yako.

Nyinyi ni watu wangapi nyumbani? Kwa watatu, mimi ningechukua lita 100.