Je, mtandao wa kijamii ni basi la abiria?

Ukurasa niliokuwa nikiuzia parachichi kwenye mtandao mmoja ulifungwa bila maelezo. Kwa nini mitandao isibanwe kama basi, ambalo haliruhusiwi kumwacha abiria mwenye nauli? (Msomaji, Tukuyu)

Unachodai kinaitwa uchukuzi wa umma: anayejitangaza kubeba watu wote au mizigo yote hana ruhusa ya kuchagua wateja kwa chuki wala kwa upendeleo. Marekani ilizibana reli hivyo kwa sheria ya mwaka 1887, na sheria ya 1934 ikaziweka simu chini ya tume ya mawasiliano. Tatizo ni kwamba TAZARA ikipakia viazi Makambako haiulizi vya nani ni vitamu zaidi, ilhali mtandao hupanga kila wakati nani aonekane juu na nani azikwe chini. Kazi hiyo inafanana zaidi na ya mhariri wa gazeti kuliko ya dereva.

Kuna waliojaribu? (Mafinga)

Wapo. Majimbo ya Texas na Florida huko Marekani yalitunga sheria mwaka 2021 kuizuia mitandao mikubwa isiondoe baadhi ya maoni au watumiaji. Jaji Clarence Thomas wa Mahakama ya Juu ya Marekani alikuwa ameandika mwaka huohuo kwamba hoja ya uchukuzi wa umma ina uzito. Hata hivyo, Julai 2024 mahakama hiyo ilizirudisha kesi za sheria zote mbili mahakama za chini, na Jaji Elena Kagan, akiandika kwa niaba ya walio wengi, alisema kuchagua na kupanga maudhui ni aina ya kujieleza inayolindwa na katiba yao.

Na ujumbe wa faragha? (Iringa mjini)

Hapo nakubali bila kusita: huo ni kifurushi kilichofungwa, na mbebaji hana sababu ya kujali kilichomo.

Sheria zetu zinamsaidia muuzaji? (Mbeya)

Kidogo sana. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2020 zinashughulikia zaidi upande wa pili, yaani yale yasiyoruhusiwa kubebwa. Mimi ningeazima sheria ya huduma za kidijitali ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2022, ambayo hailazimishi mtandao kubeba kila kitu, bali inaulazimisha kumpa sababu aliyefungiwa na kumwonyesha pa kukatia rufaa. Kwa sasa, ndugu yangu wa Tukuyu, andika namba za wanunuzi wako kwenye daftari. Tangu 2017 unaweza kuhama kampuni ya simu ukabaki na namba yako, lakini wafuasi wa ukurasa huhami nao.