Paka wetu mzee figo zimechoka, tumwandaeje apumzike nyumbani?

SWALI: Shikamoo dokta. Niko hapa Kisasa, Dodoma. Nina paka wangu anaitwa Chausiku, tuko nae tangu mwanangu wa kwanza anasoma chekechea na sahivi yuko form two, yani ni bibi kabisa. Daktari wa mifugo alimpima damu akasema figo zimechoka na kwa umri huo hazirudi tena. Maji anakunywa bakuli zima, amekonda mgongo wote mifupa, wiki hii hata dagaa ananusa tu anaondoka. Daktari kasema anaweza kuja nyumbani kumchoma sindano ya kumpumzisha. Nimekubali ila naogopa, siku hiyo sijui nifanye nini, watoto niwaambie nini, na mama mkwe anasema kumuua paka ni mkosi. Naomba msaada wako.

JIBU: Marahaba dada, pole sana. Paka aliyekua na watoto ndani ya nyumba ni mtu wa nyumbani, usione aibu kulia.

Kuhusu uamuzi wenyewe, figo za paka mzee zikishaharibika dawa na drip vinampa nafuu ya muda tu, akishafika mahali hali chakula, anatapika, mdomo unanuka kama mkojo, anajificha chini ya kitanda na manyoya halambi tena, basi uchafu ambao figo zilitakiwa kuutoa umeshajaa kwenye damu na anaumwa kila saa hata kama halii. Paka hasemi anaumwa, ananyamaza. Watu wengi wanasubiri mpaka ahemee mdomo wazi ndo wanapiga simu usiku wa manane, na kwa maoni yangu huko ni kumchelewesha. Wewe hujawahi wala hujachelewa.

Sasa mpigie daktari leo umuulize kitu kimoja muhimu kuliko vyote: atachoma sindano ngapi. Unachotaka ni mbili. Ya kwanza ni ya usingizi, inaingia kwenye nyama au chini ya ngozi, inauma kidogo kama chanjo, baada ya kama dakika 10 au 15 paka anakua amelala fofofo hata ukimfinya sikio hasikii. Hapo ndo inakuja ya pili, mara nyingi ni pentobabitali, hii ni dawa ya nusu kaputi ila kwa kipimo kikubwa, ubongo unazima kwanza, alafu pumzi, alafu moyo. Ikiingia kwenye mshipa ni dakika chache tu. Ila paka wa figo anakua amekaukiwa maji na mishipa imejificha, kwa hiyo daktari anaweza kuamua kuchoma tumboni na hapo inachukua muda mrefu zaidi, usishtuke. Ukisikia anataka kuchoma moyoni paka akiwa macho, kataa, tafuta mwingine. Na hakikisha ni daktari aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari, dawa yenyewe inadhibitiwa na sio kila kliniki inayo, ndo maana nasema piga simu mapema.

Jirani akikwambia umpe Panadol apunguze maumivu, usithubutu. Kidonge kimoja kinatosha kumuua paka na ni kifo kibaya, damu inashindwa kubeba hewa, anahangaika masaa na masaa.

Siku moja kabla, chimba kaburi. Ardhi yetu ya Dodoma wakati wa kiangazi unaijua, jembe linaruka, kwa hiyo mwaga maji jioni yalowe usiku kucha asubuhi kijana achimbe, mita moja au zaidi, mbali na kisima. Kina sio cha heshima tu, ile dawa inabaki kwenye mwili na mbwa wa mtaani akifukua akala anaweza kufa na yeye. Ndo maana pia dampo hapana. Kama mmepanga, ongea na mwenye nyumba kwanza. Na hela ya daktari mlipe kabla hajaanza, usije ukasimama na machozi unahesabu chenji.

Siku yenyewe mfungie asubuhi kwenye chumba kimoja anachokipenda, na mlango wa kabati na uvungu wa kitanda uzibe kabisa, coz paka mgonjwa akisikia sauti ya mgeni atajificha mahali ambapo mtamtoa kwa kumvuta na hiyo ndo picha itakayobaki kichwani kwako. Tandika nailoni, juu yake khanga yako uliyoivaa jana usiifue, anaijua harufu yako. Mwambie daktari pikipiki aiache barabarani. Kama Chausiku atataka kulamba mchuzi wa dagaa usio na chumvi mpe kidogo, asipotaka muache, dawa ya usingizi saa ingine inatapisha. Ukae nae, mkono wako uwe kichwani kwake, ongea nae kawaida tu.

Jua pia kwamba macho yatabaki wazi, mkojo unaweza kutoka, anaweza kuvuta pumzi moja kubwa au misuli ikacheza baada ya moyo kusimama. Hayo hayasikii, ni mwili tu unamalizia. Daktari atasikiliza moyo kwa kipimo mpaka awe na uhakika.

Watoto: huyo wa form two muulize kama anataka kuwepo, akisema hapana usimlazimishe. Wadogo waambie ukweli kwamba Chausiku anaumwa haponi na leo atakufa, usiseme "amelala" maana mtoto ataogopa kulala, wala usiseme amesafiri, atakua anamsubiri mlangoni.

Kitu kingine, kama kwenye siku hizi kamng'ata mtu yeyote mwambie daktari kabla ya sindano na huyo mtu akaoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kisha aende hospitali. Kichaa cha mbwa hata paka anaweza kuwa nacho na daktari anaweza kutaka kupima kabla ya kuzika.

Kuhusu mama mkwe, usibishane nae. Sheria yetu ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 inakataza kumtesa mnyama, na kumuacha mpaka figo zimmalize kwa njaa na kiu mimi siwezi kuuita huruma. Ila kwake ni suala la imani, kwa hiyo ongeeni na sheikh au mchungaji wenu kabla ya siku hiyo na sio baada, na mruhusu mama akae pale daktari anapoeleza, aulize maswali yake mwenyewe, akitaka kutoka nje wakati wa sindano atoke.