Nyaya za pikapu ya urithi: anza na ethi

Pikapu ya zamani uliyoachiwa na mzee isifumuliwe kabla ya kukaguliwa. Fungua kwanza kebo ya betri iliyofungwa kwenye bodi, ili spana isije ikapiga shoti, kisha kunja waya mmoja ulio karibu na injini. Ganda likipasuka na kumeguka, nyaya zote zimekwisha. Lisipopasuka, mara nyingi ugonjwa uko kwenye ethi, yaani njia ya umeme kurudi betri kupitia chuma cha gari, na kwenye maungio ya tepu nyeusi yaliyoongezwa na fundi mmoja baada ya mwingine, na hayo hutengenezeka bila kung'oa kila kitu.

Hata ukiamua kubadilisha zote, usizing'oe kwa pamoja. Nyaya za zamani ndizo ramani yako. Toa saketi moja, weka mpya, ijaribu, ndipo uende kwa nyingine, na kila ncha uibandike jina kabla ya kuichomoa. Rangi husaidia. Kwenye magari ya Kiingereza yenye vifaa vya umeme vya Lucas, kahawia hutoka moja kwa moja kwa betri, nyeupe hutoka kwenye swichi ya ufunguo, kijani imepitia fyuzi, nyeusi ni ethi. Kwenye Toyota ethi ni nyeupe yenye mstari mweusi. Land Rover zilizotengenezwa kabla ya 1967 zilifungwa chanya kwenye bodi. Ukiwekea gari kama hilo alternata ya kawaida bila kugeuza betri, dayodi zake, vipande vinavyoruhusu umeme kwenda upande mmoja tu, huungua papo hapo.

Kwenye soko la vipuri la Kisekka pale Kampala utapata karibu kila kitu, lakini kwangua ncha ya waya kwa wembe kabla ya kulipa. Ndani pakiwa peupe, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba, iache. Uache pia waya wa nyumba wenye uzi mmoja mnene, kwa sababu mtikisiko wa barabara za vumbi huukatia ndani ya ganda na hutaona kitu. Nunua wa magari, wenye nyuzi nyingi: mita 40 hadi 50 za milimita mraba 1 kwa indiketa, breki na taa ndogo, mita 15 za 2.5 kwa taa kubwa na honi. Mita chache za 6 kwa kulisha boksi la fyuzi, na za 10 kwa alternata. Ongeza boksi la fyuzi 10, relei 4 (swichi zinazofungwa na umeme mdogo), na koleo halisi la kubana terminali, vile vichwa vya chuma vya ncha za waya. Usiunge kwa risasi ya kuyeyusha: huufanya waya kuwa mgumu, nao hukatika pale risasi inapoishia.

Sasa ethi, ambayo wengi huipa dakika tano tu. Umeme unaokwenda kwenye taa lazima urudi, na kwenye pikapu hurudi kupitia boliti zenye kutu na rangi. Ndiyo maana ukikanyaga breki indiketa nayo inawaka hafifu: umeme umekosa njia, unarudi kupitia balbu ya jirani. Funga kebo nene kutoka betri hadi injini, nyingine kutoka injini hadi chasisi, ya tatu hadi bodi. Piga msasa hadi chuma king'ae, kaza, kisha paka grisi juu. Nyuma, usitegemee bati la sehemu ya mizigo; peleka waya wa ethi wake peke yake hadi kwenye taa.

Taa kubwa zinastahili relei. Balbu mbili za wati 60 huvuta ampia 10, na swichi ya miaka 40 haikustahili kubebeshwa mzigo huo kila usiku. Kwenye relei kila pini ina namba: 30 hutoka betri kupitia fyuzi, 87 huenda kwenye taa, 86 hupokea kutoka swichi ya zamani, 85 huenda ethi. Swichi sasa hubeba chini ya robo ampia, kwa hiyo dashibodi ya mzee hubaki kama alivyoiacha. Angalia, Toyota nyingi za zamani hufanya kinyume: taa zina chanya muda wote na swichi hufunga ethi. Hapo 86 ipe chanya, na 85 ipeleke kwenye swichi. Kila taa iwe na fyuzi yake ya ampia 10, ili moja ikikatika usibaki gizani barabara ya Masaka.

Fyuzi hulinda waya, hailindi kifaa, kwa hiyo ile kuu ya ampia 40 ikae sentimita 20 tu kutoka betri. Kebo ya stata haina fyuzi. Kila waya unapopita kwenye bati weka mpira, la sivyo bati litaukata.

Kabla ya kurudisha betri, unganisha balbu ya wati 21 kati ya nguzo yake ya upande wa ethi (mara nyingi hasi) na kebo ya ethi, vitu vyote vikiwa vimezimwa. Ikiwaka sana, kuna shoti; itafute bila kuchoma chochote. Isipowaka, funga kebo, washa injini na pima betri: volti 13.8 hadi 14.4. Kisha washa taa na pima kwenye balbu yenyewe. Ikipungua zaidi ya nusu volti kuliko betri, rudi kwenye ethi na terminali za njia hiyo. Baada ya wiki moja ya barabara mbovu, kaza tena boliti zote za ethi.