Stima ya raki (kabati la vifaa vya mtandao): maswali yenu, na ile bei mnayoshindwa kuitetea

*UPS (kifaa chenye betri cha kushikilia stima ikikatika) ya 3000VA inabeba wati ngapi?*

Hili nimeshalijibu mpaka nimechoka, jamani. Geuza kifaa, nyuma pameandikwa pawa fakta (sehemu ya VA iliyo wati halisi), zidisha. Ikiwa 0.8 ni wati 2400, ikiwa 0.9 ni 2700, na usiijaze yote.

*Nina POP (kituo cha kusambaza mtandao) Kisauni, ruta moja na swichi mbili, niweke UPS ama rektifaya (kigeuza AC kuwa DC) ya volti 48?*

Kama vifaa vyako vyakubali DC, umeme kama wa betri, weka rektifaya. UPS ya onlaini yachukua AC ya ukutani, volti 240, yaifanya DC, kisha yairudisha AC, halafu ruta nayo ndani yaifanya DC tena, na kila ikigeuzwa latoka joto ambalo wewe walilipia kwenye bili na tena kwenye feni. Kwa rektifaya yageuzwa mara moja, betri ziko palepale kwenye laini, stima ikikatika ruta haina habari.

Lakini shika hili: kwenye mfumo huu chanya ndiyo yaenda athi (waya wa ardhini), hasi ndiyo yabeba ile -48, watu wa simu walianza hivyo zamani kuzuia kutu kula waya. Nilifungua raki ya mtu Bamburi, fundi kafunga hasi kwa athi kama betri ya gari, na kifaa cha pili kwenye raki hiyohiyo chanya yake iko kwenye bodi, yaani sanduku lake la chuma. Shoti ikapitia ganda la chuma la kebo ya mtandao, plagi imeyeyuka ikashikana na poti. Kifaa kizima cha mtu kimekwenda kwa sababu ya waya mmoja.

*Mzigo wati 400, nataka saa nne, betri gani?*

400 mara 4 ni 1600, gawa kwa volti 48 wapata kama Ah (ampea-saa) 33. Betri za asidi usizikamue zaidi ya nusu, kwa hivyo 67, nunua 100. Sasa joto: kila nyuzi 10 juu ya 25 betri ya asidi yapoteza karibu nusu ya umri wake, na wewe umeiweka kwenye kibanda cha mabati, Februari, pwani. Ile ya miaka mitano hesabu miwili na nusu. Ukienda lithiamu ya seli 16 ile ni 51.2V, seti volti za rektifaya upya, usiiachie seti ya asidi. Na saa nne umezitoa wapi? Giza la nchi nzima la tarehe 25 Agosti 2023 kwingi lilipita hapo mbali sana.

*Natengeneza PDU (sanduku la soketi za raki) mwenyewe, wateja wasema za kutoka nje ni nusu bei. Nishushe?*

Usishushe. Mimi niliinunua hiyo ya nusu bei nikaifungua mezani. Waya wa ndani mwembamba, soketi zimeungwa kwa vibati vya kubana tu, na skrubu ya athi imekazwa juu ya rangi, nikapima kutoka pini ya athi mpaka kwenye sanduku mita haisomi kitu. Yaani sanduku la chuma ambalo mtu ataligusa kila siku halina athi! Chukua moja kama hiyo, ifungue mbele ya mteja, weka yako kando, mpe mita apime mwenyewe.

Kisha rudi kwenye hesabu zako maana naona wengi wenu mwajumlisha vipuri mwaongeza kidogo mwaona mmepata. Umeweka siku nzima ya kujaribu kwa mzigo kamili? Ile moja ya akiba unayoiweka shelfu ili mteja asilale gizani? Safari ya Mtwapa usiku? VAT 16% je? Chumvi ya hapa yataka lagi (vichwa vya chuma vya kubana waya) zilizopakwa bati na skrubu za stenlesi, hiyo nayo ni pesa. Mteja akibana, toa skrini, toa kadi ya mtandao, punguza soketi. Shaba na breka haziguswi, na akizidi kubana mwache aende.

*Sanduku langu la 1U (nafasi moja ya raki) nimekata kimo cha milimita 44.45 kamili, haliingii.*

44.45 ni nafasi, yakhe, si sanduku. Kata 43.6, na vichwa vya riveti pia vahesabiwa.

*Naweza kulisha raki nzima kwa plagi ya 13?*

Raki ndogo sawa. Ikipita ampea 10 mfululizo mchana na usiku weka komando ya buluu (plagi nene ya viwandani) ya ampea 32 na breka yake. Kama tayari umefunga, nenda kaishike plagi baada ya saa mbili za mzigo, ukishindwa kuishika zima leo leo.