Mwanangu, kabla hujanunua hiyo friza

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya tatu nikiwa na kalamu mkononi. Unasema friji yenu hapo Nzuguni ina kile kijisanduku cha barafu juu, kuku wawili wakiingia hakifungi. Umeona friza ya kufunguka juu, lita 200, kwa 620,000. Mkwe wangu anasema ni anasa. Wewe unasema itajilipa ndani ya miezi 21 kwa kuwa mtaokoa 30,000 kila mwezi, na mmekubaliana mimi ndiye niamue. Haya. Ila mjue mmenichonganisha na mmoja wenu.

Nianze na Luku, mita yenu ya umeme wa kulipia kabla, maana hapo ndipo hesabu yako iliporuka mtaro. Nyie bado mko kwenye ile bei ya watumiaji wadogo, uniti 75 kwa 9,150, yaani uniti moja shilingi 122. Nilipokuja Januari ulinionyesha mwenyewe kwenye simu kwamba mwezi uliopita mlitumia uniti 68. Friji, televisheni, taa, pasi ya sare za mjukuu wangu, basi. Mmebakiza uniti saba kufika ukingoni. Friza ya ukubwa huo, na joto la Dodoma la Oktoba na Novemba, iwekee uniti moja kwa siku. Mtafika 98. Ukivuka 75, zile za juu unauziwa bei nyingine kabisa, na ukivuka mara kwa mara unatolewa kwenye kundi hilo unaletwa huku kwetu kwenye bei ya kawaida, ambako 10,000 inakupa uniti 28. Uniti 98 kwa bei ya huku ni kama 35,000. Leo mnalipa 8,300. Umeona ilipojificha? Friza haileti gharama ya uniti zake 30 tu, inapandisha bei ya kila kitu, mpaka taa ya chooni. Ni 26,700 zaidi kila mwezi, na hapo bado hatujagusa zile 620,000. Kodi ya jengo naiacha, hiyo mnakatwa friza iwepo isiwepo.

Usiniamini mimi, iamini mita. Leo mkienda kulala zimeni kila kitu isipokuwa friji, andika uniti zilizobaki, na alfajiri kabla ya kuwasha chochote soma tena. Utajua friji peke yake inakula kiasi gani usiku, wakati hakuna anayeifungua. Mchana inakula zaidi.

Sasa mbuzi wako wa kila mwezi wa mnada wa Msalato. Umemwekea 120,000. Mchinjaji 5,000, bodaboda ya kumleta 8,000, jumla 133,000. Mbuzi wetu wa huku si mkubwa. Mwenye kilo 27 akiwa hai, akishachunwa na kutolewa matumbo unabaki na kilo 12 hivi, mifupa ikiwemo. Buchani kwenu umesema kilo ya mbuzi ni 12,000, kwa hiyo nyama ile ile ingekugharimu 144,000. Umeokoa 11,000, na juu yake kichwa, miguu na utumbo wa supu. Supu hiyo siidharau. Samaki wa Mtera ukinunua wengi kwa pamoja nikakuwekea umeokoa 5,000. Nyanya nikakuwekea 6,000, na kwenye nyanya una hoja kweli, maana ndoo ya leo na ndoo ya miezi miwili ijayo ni kama bidhaa mbili tofauti, na ukizisaga ukazichemsha zikapungua maji zinakaa vizuri sana kwenye barafu. Jumla umeokoa 22,000. Zile 30,000 zako sikuziona zilikotoka, nadhani kuna kitu ulikihesabu mara mbili.

Halafu kuna jambo ambalo huwezi kuliandika kwenye daftari. Ukitoka kwenda buchani unanunua nusu kilo, unapika nusu kilo. Nyama ikiwa ndani, unachukua fungu lililo juu, likiwa la kilo unapika kilo. Na ndugu wakijua kuna friza, Jumapili hawapigi hodi mikono mitupu tu, wanapiga hodi na njaa.

Unakumbuka ile friza yetu nyeupe yenye kutu miguuni, wakati nauza chakula sokoni hapa Kibaigwa? Ilikuwa ya mtumba na ilinilipa, sikatai. Lakini ililipa kwa sababu nyama haikulala humo zaidi ya siku nne. Msimu wa mahindi malori yakijaa, nilikuwa nauza sahani mpaka sufuria inalia, kesho naweka nyingine. Nilipoacha biashara nikaileta nyumbani nikidhani itaendelea na kazi ile ile. Ikawa kabati. Nikiweka kitu mwezi wa tatu, nakikuta mwezi wa tisa kimevaa barafu, sijui ni ini au ni maharage.

Na sikuwahi kukueleza vizuri iliishaje, maana ulikuwa bweni. Nilikwenda msibani Mpwapwa siku nne. Luku ikaisha siku ile ile niliyoondoka. Umeme nilishanunua, token yake ya tarakimu 20 imo kwenye simu yangu, na simu imezima chaji kwenye mkoba, kwenye chumba kilichojaa mikoba ya waombolezaji. Kaka yako akadhani umekatika mtaa mzima, akalala. Friza iliyojaa, isipofunguliwa, huvumilia kama siku mbili. Ya nusu, siku moja. Niliporudi nilisikia harufu nikiwa bado getini. Nikainua kifuniko: maji mekundu yametuama chini, mfuko wa samaki umevimba kama mpira, na ile karatasi niliyoandika "mbuzi wa Pasaka" inaelea juu yake. Kilo 14. Kaka yako akachimba nyuma ya mpapai akafukia, na mapapai ya mwaka ule majirani walikuja kuomba mbegu.

Kwa hiyo jibu langu ni usinunue sasa. Lakini kijisanduku chenu tukitengeneze, maana nilikichungulia. Barafu ya pembeni ilikuwa nene kama kidole gumba. Hiyo inakula nafasi na inakula umeme. Zima friji, weka taulo chini, acha mlango wazi na bakuli la maji ya moto ndani, subiri. Usichokonoe kwa kisu. Shangazi yako alichokonoa, akasikia "sss", gesi yote ikaondoka na friji ikawa kabati la vyombo.

Kisha mbuzi mnunue na yule jirani yako wa ukuta mmoja, nusu kwa nusu. Kilo sita. Toa mifupa mikubwa ipikwe supu siku hiyo hiyo. Nyama iliyobaki ifungeni nusu nusu kilo, uibonyeze iwe bapa kama daftari, igande kwanza ikiwa imelala, halafu uisimamishe kama vitabu. Kuku wako wawili wanaingiaje wakiwa wazima na mapaja yametanuka? Wakate kwanza.

Nyanya na mboga zipeleke juani. Unakaa Dodoma, mwanangu, kuanzia Juni mpaka Novemba mvua ni hadithi. Bibi yako alikuwa anakausha majani ya kunde na mlenda juu ya mkeka mpaka yanavunjika mkononi, na tulikula mpaka mvua zinaanza tena Desemba bila kununua token. Nyanya kata vipande vyembamba, nyunyiza chumvi kidogo, funika kwa chandarua kilichochakaa kuzuia nzi, ingiza ndani jioni. Siku tatu nne unazo. Mlenda wa mwaka huu ninao kwenye kopo, nitakuletea.

Siku mkiwa mmeshavuka 75 kwa sababu nyingine, hesabu inabadilika. Hapo friza inaongeza uniti zake 30 tu, kama 10,700. Ikidumu miaka 10, bei yake inawaangukia kama 5,200 kwa mwezi. Jumla 15,900, na wewe unaokoa 22,000. Inabaki 6,100, kama hamtakula kilo badala ya nusu. Ukiamua kuuza barafu za ubuyu pale jirani na shule, hapo ndiyo kabisa, niite nije tufunge pamoja. Siku hiyo nunua mpya. Ukikosa hela ukachukua ya mtumba, bana noti ya elfu kwenye kifuniko uivute: ikitoka bila kukwama, mpira umechoka na baridi inavuja mchana kutwa. Isikae karibu na jiko wala kubanana na ukuta. Na weka kile kidude cha kuilinda umeme ukirudi kwa kishindo.

Mwambie mkwe wangu ameshinda, lakini asitembee kifua mbele. Nimesikia kwa mjukuu kwamba anataka kufunga hita ya kuogea bafuni. Dakika kumi chini ya hita hiyo ni karibu uniti nzima, kila mtu, kila asubuhi. Akiifunga, 75 mtaivuka kabla mwezi haujafika katikati, na mimi nitachukua tena kalamu.

Mama yako,
Kibaigwa