Kwa Mnaoshuti Video ya Kwanza ya Kundi

Wadogo zangu mnaoanza kushuti video hapa Dodoma, nimewatazama Nyerere Square mkiwa na wacheza dansi watano, kamera ya kukodi na mlinzi anayedai kibali, na nimeshindwa kunyamaza. Video ya kwanza ya kundi ina kazi moja kubwa: mtazamaji akiimaliza, aweze kumtofautisha kila mwanakundi na mwenzake. Wimbo ukipendwa huku watu hawajui nani ni nani, mmeuza wimbo, kundi bado liko stoo.

1. Itazameni upya "Wannabe" ya Spice Girls, wimbo wao wa kwanza, uliotoka Uingereza Julai 1996 na kushika nambari moja huko kwa wiki saba. Muongozaji Johan Camitz aliwapitisha wasichana watano ndani ya Midland Grand Hotel, pale St Pancras, London, wakivuruga tafrija ya watu wazito, na kamera inawafuata kana kwamba haikatwi kabisa. Mel C anapiga sarakasi, Geri anang'aa ndani ya vazi la kumetameta, na kila mmoja ana tabia yake. Ninyi mnakata picha kila sekunde, na sababu naijua: hamkufanya mazoezi, mnategemea mhariri awafiche.

2. Kibali kwanza. Spice Girls pia walitaka jengo la Barcelona, ruhusa ikakosekana, wakahamia London. Mlinzi wa Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, hatawahurumia kwa sababu mmevaa tisheti zinazofanana.

3. Msiwashe kamera kabla ya miksi ya mwisho, yaani wimbo uliokwisha kupangwa na kusawazishwa sauti zake zote. "Wannabe" yenyewe ilifanyiwa miksi na Dave Way, kundi halikuridhika, kazi ikaenda kwa Mark "Spike" Stent. Miksi hubadilika, jamani. Nilikuwa na vijana wanne wa Majengo, wenye kipaji na njaa ya kuonekana, nami nikitamani kuthibitisha kwamba naweza kupiga wimbo mzima bila kukata. Prodyuza alinipa miksi ya muda na kuniambia itabadilika kidogo; nikalishika hilo neno "kidogo". Tulikwenda kando ya Bwawa la Hombolo alfajiri, upepo ukitupiga vumbi, spika imefunikwa kwa kanga ya mama wa mmoja wao, na baada ya kurudia hadi vijana wakaanza kununiana tukapata mkupuo mmoja safi. Miksi ya mwisho ilipofika, kasi ilikuwa imepanda, jambo ambalo ningelifidia kwa kuharakisha picha. Lakini prodyuza alikuwa ameleta kiitikio mbele, amekata nusu ya ubeti wa pili, na mwimbaji alikuwa amerekodi upya kwa maneno mengine. Video ya vipande ningeipanga upya mezani, ila mkupuo mmoja haupangiki: midomo iliimba wimbo wake, spika ikaimba wa kwake. Nilikesha na mhariri tukitafuta mahali mwimbaji alipogeuka mgongo, hadi akaniuliza kwa adabu kama kundi lina ugomvi na kamera. Fedha za wazazi zilikuwa zimekwisha, wimbo ukatoka bila video, na mama mwenye kanga nikimwona sokoni huwahi kumwamkia kabla hajauliza chochote.

4. Jua la saa sita huweka vivuli vyeusi machoni. Shutini asubuhi au jioni. Najua mtanijibu kwamba wakubwa wa Virgin, kampuni ya rekodi ya Spice Girls, waliiona video ya "Wannabe" kuwa ya giza, nayo ikatwaa tuzo ya MTV ya video bora ya dansi mwaka 1997. Ni kweli, lakini humo sura zote tano zinaonekana.

5. Bebeni betri za akiba, maji, na spika inayosikika hata kwenye upepo. Nauli ya kurudi iwekwe kando kabla ya kulipia kamera, kwa maana mcheza dansi aliyeachwa akitafuta lifti njia ya Hombolo hapokei simu yenu wiki inayofuata.