Mabuyu ya Idi na shira ya Nairobi

Mwanangu mpenzi,

Salaam aleikum. Nimeusoma ujumbe wako mara mbili na nimefurahi kwamba Idi hii umeamua kupika mabuyu mwenyewe. Umeniuliza mbona yameganda donge moja hata ukayagonga kwa mchi, ilhali shira uliichemsha kwa kipimajoto mpaka digrii 112 kama maelezo uliyoyapata yalivyosema. Tena umeuliza kama pilipili uiache kwa sababu ya watoto.

Tuanze na shira, maana hapo ndipo mabuyu yanapopatikana au kuharibika. Hapa Mombasa tuko usawa wa bahari, maji yanachemka kwa digrii 100. Wewe huko Nairobi uko juu, kiasi cha mita 1,700, na maji yako yanachemka yakikaribia digrii 94 tu. Kwa hiyo shira yako ikifika 112, imekwisha kupoteza maji mengi kuliko shira yangu ya 112. Imekuwa nzito mno, na ukitia mabuyu yaliyo baridi inaganda hapo hapo kabla mwiko haujazunguka. Ukipenda kukitumia kipimajoto, toa digrii 6, usimamishe kwenye 106. Ila mimi nakuomba utumie vidole. Dondosha shira kidogo kwenye kisahani, ngoja ipoe, ibane kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha achanisha. Ikivuta uzi mmoja usiokatika upesi, iko tayari. Kipimo hicho hakibadiliki ukiwa Mombasa, Nairobi wala Eldoret.

Vipimo ni vikombe vinne vya mabuyu, viwili vya sukari na kimoja cha maji. Usiyaoshe mabuyu kamwe, unga wake ndio utamu wenyewe. Yatie kwenye chekeche uyatikise, utoe nyuzi nyuzi, na ule unga unaodondoka uuweke kando kwenye bakuli. Chumvi chukua chembe tu. Iliki uitwange wewe, usinunue ya unga, maana ile ya dukani mara nyingi harufu imekwisha kupotea. Iliki, rangi na chumvi vyote vinaingia kwenye shira kabla haijavuta uzi.

Ikishavuta, punguza moto uwe mdogo kabisa, mimina mabuyu yote kwa mpigo mmoja, na geuza toka chini kuja juu bila kupumzika. Yakianza kukauka kandokando ya sufuria, nyunyiza ule unga uliouweka, geuza tena, epua, mwaga kwenye sinia na uyatenganishe kwa uma yangali moto. Usiyaache yachemke ndani ya shira eti yakolee. Unga wa mabuyu ni mchachu sana, na uchachu ukichemka muda mrefu na sukari huivunja ile sukari isiweze kukauka tena. Utapata mabuyu ya kunata vidoleni hata siku ya tatu. Tena unga huo una vitamini C nyingi, na moto huipunguza.

Kuhusu rangi nina neno. Watu wamezoea mabuyu mekundu ya kutia rangi ulimi mpaka jioni, na wengine hutia rangi yoyote iliyoko sokoni. Hakikisha unayonunua imeandikwa kwamba ni ya chakula, na robo kijiko cha chai inatosha. Bora zaidi, chemsha rozela, yale maua makavu mekundu ya sharubati, kwa maji kidogo, chuja, na maji hayo ndiyo uyatumie kupikia shira. Rangi ya rozela hupendeza zaidi ikikutana na uchachu, kwa hiyo mabuyu yanaisaidia. Bitiruti usijaribu, moto unaifanya ififie.

Pilipili usiiache. Mabuyu yasiyo na pilipili yanachosha baada ya konzi moja, na wageni wa Idi watakuwa wameshakula kaimati na vileja vya kutosha. Gawa shira kwenye sufuria mbili: ya watoto iwe na iliki peke yake, ya wakubwa utie nusu kijiko cha pilipili ya unga. Pika siku mbili kabla ya Idi, yapoe kabisa, kisha uyafungie kwenye chupa yenye kifuniko kinachobana. Huko kwenu hewa ni kavu, yatakaa vizuri kuliko ya kwetu, ambayo chupa ikisahauliwa wazi usiku mmoja asubuhi yamelowa.

Ila huyo mdogo wa miaka miwili usimpe hata moja, iwe ya pilipili au ya iliki. Kokwa ni ngumu na inateleza, mtoto wa umri huo hajui kumumunya akatema, na ikimkaba kooni ni hatari kubwa. Waambie na wageni, maana wapo watakaomtia mkononi kwa mapenzi. Yeye mfanyie sharubati: loweka mabuyu makavu kwenye maji yaliyochemshwa yakapoa, vuruga mpaka kokwa zibaki tupu, chuja vizuri, tia sukari kidogo na maziwa. Wewe ulipokuwa mdogo mama yako alikufanyia hivyo, na ulikuwa ukimaliza kikombe kizima.

Kesho nakutumia kilo mbili za mabuyu kwa basi la usiku, nimeyachagua mwenyewe soko la Kongowea, unga wake mweupe na mkavu. Nijulishe yakifika.

Baba yako